J. R. R. Tolkien: Mlei Mkatoliki Aliyebuni Lugha



Wapendwa wasomaji, katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma maisha ya watakatifu, mapapa na wamisionari. Safari hii tunawaletea maisha ya mlei, baba wa familia na mwalimu wa chuo kikuu, ambaye Kanisa halijamtangaza mtakatifu na ambaye wengi wanamfahamu kwa sababu ya filamu tu. Sababu ya kumchagua ilianzia jioni moja, wakati wa mapumziko baada ya chakula.

Mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili wa Falsafa alileta karatasi yenye sala ya Salamu Maria. Tulijaribu kutambua lugha yake. Haikuwa Kilatini, wala Kigiriki, wala Kiebrania tunachoanza kukigusa. Ilianza kwa maneno Aia María, na sauti yake ilikuwa laini kama wimbo. Akatuambia kuwa hicho ni Kiquenya, lugha ambayo hakuna taifa lililowahi kuizungumza, na kwamba wapo watu duniani, wasomi na wasio wasomi, ambao kwa miaka zaidi ya 50 wamekuwa wakichambua sarufi yake neno kwa neno. Hapo ubishi ukaanza. Wengine tulisema huko ni kuchezea mambo matakatifu. Wengine tulisema ni kupoteza muda, maana lugha halisi ziko nyingi na hazina watu wa kuzisoma. Wachache walimtetea. Kengele ya ukimya mkuu ikatukuta bado tunabishana.

Tuliamua basi kuyasoma maisha ya mtu aliyeitunga lugha hiyo, ndipo tuhukumu. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Mtoto wa mama aliyeteseka kwa ajili ya imani

John Ronald Reuel Tolkien alizaliwa tarehe 3 Januari 1892 katika mji wa Bloemfontein, ambao leo uko Afrika Kusini. Baba yake, Arthur, alikuwa Mwingereza aliyekuja kusimamia tawi la benki. Mwaka 1894 alizaliwa mdogo wake, Hilary. Joto la huko halikumfaa mtoto, na mwaka 1895 mama yao, Mabel, aliwachukua wote wawili kwenda Uingereza kupumzika, baba akitarajia kuwafuata. Hakuwafuata. Februari 1896 Arthur alifariki dunia huko Bloemfontein kwa ugonjwa, na mjane huyo kijana akabaki na watoto wawili na fedha kidogo.

Waliishi karibu na Birmingham, katika kijiji cha Sarehole chenye kinu cha maji na miti mingi. Mabel ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa wanawe. Alimfundisha Ronald kusoma, kuchora mimea, na misingi ya Kilatini. Mapema kabisa aliona kuwa mtoto huyu hapendi tu maana ya maneno, bali hata sauti na umbo lake.

Mwaka 1900 Mabel alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Kwa familia yake hilo lilikuwa jambo la aibu. Shemeji yake aliyekuwa akimsaidia fedha akasitisha msaada, na ndugu wengine wakamgeuzia kisogo. Mabel hakurudi nyuma. Alihama nyumba moja hadi nyingine, akaendelea kuwafundisha wanawe katekisimu. Ronald alipokea Komunyo ya Kwanza Krismasi ya mwaka 1903. Mwaka uliofuata Mabel alishikwa na kisukari, ugonjwa ambao wakati huo haukuwa na dawa, kwani insulini haikuwa imegunduliwa. Alifariki tarehe 14 Novemba 1904 akiwa na miaka 34. Ronald alikuwa na miaka 12.

Maisha yake yote Tolkien aliamini kwamba mama yake alikufa kama shahidi, kwamba umaskini na kutengwa ndivyo vilivyoharakisha kifo chake. Mtu anaweza kubishana kuhusu neno shahidi, lakini mtoto yule aliona kwa macho yake imani ikigharimu kitu. Wengi wetu tuliipokea imani kama tulivyopokea chakula mezani, bila kuuliza nani alilima. Yeye alijua nani alilima.

Padre mlezi na kijana mtiifu

Kabla ya kufa Mabel alimwomba Padre Francis Morgan awe mlezi wa watoto wake. Padre huyu alikuwa wa nyumba ya Oratori ya Birmingham, iliyoanzishwa na Mtakatifu John Henry Newman, na alikuwa amewahi kuishi na Newman mwenyewe katika nyumba hiyo. Alikuwa na asili ya Hispania kwa upande mmoja, mtu mchangamfu mwenye sauti kubwa, na kwa siri aliongezea fedha zake za urithi juu ya akiba ndogo aliyoacha mama yao. Kila asubuhi watoto hao wawili walitumikia Misa yake, kisha wakanywa chai katika bwalo la mapadre. Inasimuliwa kuwa mchezo wao mkubwa ulikuwa kumtia paka wa jikoni katika kile kidirisha kinachozunguka cha kupitishia chakula na kumzungusha.

Akiwa na miaka 16, Ronald alikutana na Edith Bratt, binti yatima kama yeye, aliyemzidi miaka mitatu na aliyepiga piano vizuri. Wakapendana. Padre Francis alipogundua alikasirika, kwa kuwa kijana alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kupata ufadhili wa kuingia Oxford, na kweli jaribio la kwanza alishindwa. Mlezi akatoa amri: asionane naye wala kumwandikia mpaka atimize miaka 21. Ilikuwa amri ya karibu miaka mitatu, na simu za mkononi hazikuwapo za kudanganyia.

Kijana alitii. Tunalisema hili kwa sababu sisi tulio katika nyumba za malezi tunaijua ladha ya amri tusiyoikubali moyoni. Tolkien aliumia, na baadaye alikiri kuwa katika kipindi hicho alizembea masomo kwa uchungu. Lakini alimheshimu mlezi kama baba, kwa kuwa alijua ametoa nini kwa ajili yake. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Januari 1913, saa ileile alipotimiza miaka 21, aliketi akamwandikia Edith. Jibu lilikuwa kwamba Edith amekwisha kuchumbiwa na mwingine, akidhani amesahauliwa. Tolkien alipanda treni kwenda Cheltenham, wakazungumza siku nzima, na Edith akairudisha pete ya yule mwingine.

Edith naye alilipa gharama. Alipotaka kuingia Kanisa Katoliki, mzee Mwanglikana aliyekuwa akimpa makazi alimfukuza nyumbani. Alipokelewa Kanisani Januari 1914, na walifunga ndoa tarehe 22 Machi 1916 katika mji wa Warwick.

Lugha zilianzaje?

Tolkien alianza utotoni, na hakuwa wa kwanza. Binamu zake wawili wa kike walikuwa na lugha yao ya kuchezea iliyoundwa kwa majina ya wanyama. Alijiunga nao, na baadaye yeye na mmoja wao wakatunga nyingine ngumu zaidi, iliyoitwa Nevbosh. Ilikuwa mchanganyiko wa Kiingereza, Kifaransa na Kilatini vilivyopotoshwa, kama zile lugha za kificho ambazo watoto wetu shuleni huzitumia ili wakubwa wasielewe. Kisha akatunga ya peke yake, Naffarin, baada ya kupekua vitabu vya Kihispania vya Padre Francis.

Nyuma ya nyumba moja waliyoishi ilipita reli, na mabehewa ya makaa ya mawe yalikuwa na majina ya miji ya Wales. Mtoto hakuyaelewa, lakini alihisi kuwa yana uzuri wake. Baadaye shuleni rafiki yake mmoja alinunua kitabu katika mnada wa kuchangia wamisionari akidhani kinahusu Biblia, kumbe ni sarufi ya Kigothi. Alimuuzia Tolkien. Kigothi ni lugha ya Ulaya iliyokufa, na sehemu kubwa ya yale yanayojulikana juu yake yamehifadhiwa katika vipande vya tafsiri ya Biblia ya karne ya 4. Tolkien alipokisoma aliwaka moto. Alianza kujaza mapengo, akibuni maneno ambayo huenda Wagothi walikuwa nayo lakini hayakuandikwa popote.

Chuoni Oxford, ambako alianza mwaka 1911 katika chuo cha Exeter, alikuta maktabani sarufi ya Kifini. Hapo ndipo Kiquenya kilipozaliwa, na kufikia mwaka 1915 alikuwa na msamiati wake ulioandikwa. Lugha ya pili, iliyokuja kuitwa Kisindarin, aliipa sauti za Kiwelshi.

Hapa inafaa tueleze alichofanya, maana wengi hudhani alibuni maneno ya ajabu tu. Msomaji wa Afrika ya Mashariki anaweza kulielewa jambo hili haraka kuliko mtu wa Ulaya. Tunasema mtu, Wahaya na Waganda husema omuntu, Wakikuyu husema mundu, Wasukuma husema munhu, Wanyarwanda husema umuntu. Kila mmoja wetu anasikia kuwa hizi ni ndugu, zimetoka tumbo moja, na sauti zimebadilika kwa utaratibu kadiri watu walivyoachana. Tolkien alifanya kazi hiyo kinyumenyume. Alibuni kwanza lugha mama, akaweka kanuni za jinsi sauti zinavyobadilika, kisha akazishusha lugha binti mbili kwa kanuni hizo. Ndiyo maana mti kwa Kiquenya ni alda na kwa Kisindarin ni galadh. Baba ni atar huku na adar kule. Anayejua kanuni anaweza kutoka neno moja kwenda lingine kama mtaalamu wa lugha za Kibantu afanyavyo.

Lakini sauti hubadilika kwa sababu watu wamehama, wamepigana, wamekaa mbalimbali miaka mingi. Kwa hiyo lugha zake zilihitaji watu wa kuzisema, na watu walihitaji historia. Aliwapa lugha hizo Waelfi, viumbe wa hadithi za kale za Ulaya ya kaskazini, wazuri na wasiozeeka. Yeye mwenyewe alisisitiza mara nyingi kwamba lugha zilitangulia na hadithi zikafuata ili lugha zipate mahali pa kuishi.

Vita, familia na kazi

Mwaka 1916, miezi michache baada ya harusi, alipelekwa Ufaransa kwenye mapigano ya Somme akiwa afisa wa mawasiliano wa kikosi chake. Shuleni alikuwa na marafiki watatu wa karibu sana walioahidiana kufanya jambo kubwa katika fasihi na sanaa. Rob Gilson aliuawa tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano hayo. Geoffrey Smith alikufa Desemba mwaka huohuo kwa majeraha. Alibaki Christopher Wiseman peke yake. Tolkien aliokolewa na chawa: aliugua homa ya mahandaki inayoenezwa na wadudu hao, akarudishwa Uingereza mwezi Novemba. Katika miezi ya kupona alianza kuandika hadithi za ulimwengu wake. Si ajabu kwamba hadithi hizo zimejaa miji inayoanguka na marafiki wanaokufa kabla ya wakati.

Mwaka 1917 Edith alimchezea ngoma katika msitu mdogo huko Yorkshire, na kutoka katika picha hiyo Tolkien alimtoa Lúthien, binti wa Kielfi aliyekubali kufa ili awe na mwanadamu aliyempenda, Beren.

Baada ya vita alifanya kazi katika kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, akichunguza asili ya maneno yanayoanza na herufi W. Mwaka 1920 alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Leeds, na mwaka 1925 alirudi Oxford kuwa profesa wa Kiingereza cha Kale. Alifundisha hapo hadi kustaafu mwaka 1959. Walijaliwa watoto wanne: John, Michael, Christopher na Priscilla. Mshahara haukutosha, kwa hiyo kila kiangazi alisahihisha mitihani ya shule kwa malipo ya ziada. Ni katika karatasi tupu ya mtahiniwa mmoja kwamba aliandika sentensi ya kwanza ya kitabu cha The Hobbit, kilichotoka mwaka 1937. Kitabu chake kikubwa, The Lord of the Rings, kilimchukua zaidi ya miaka kumi na kilichapishwa mwaka 1954 na 1955.

Tusimpambe kupita kiasi. Edith alikuwa mpweke Oxford kati ya wake za wasomi, na kwa miaka mingi aliona uchungu kuhusu mambo ya Kanisa, hasa kuungama. Kulikuwa na ugomvi nyumbani. Tolkien mwenyewe katika uzee alimkiri mwanawe Michael kwamba katika miaka ya Leeds na ya mwanzo ya Oxford nusura aache kabisa kuishi imani yake, na alijutia kuwa watoto waliliona hilo. Kilichomrudisha, alisema, ni njaa ya Ekaristi. Katika barua hiyo ya mwaka 1963 alimshauri mwanawe, ambaye imani yake ilikuwa imelegea, apokee Komunyo mara kwa mara, tena achague makusudi Misa inayomuudhi: padre asiyejua kusema vizuri, watoto wanaolia, watu wanaotoka kabla ya wakati. Tuliposoma hapo tuliangaliana. Ni nani kati yetu hajawahi kulalamikia Misa ya kigangoni kwa sababu kwaya imekosea?

Kasoro ya siri au karama?

Tarehe 29 Novemba 1931 Tolkien alisimama mbele ya chama kidogo cha wasomi Oxford na kufichua jambo alilolificha miaka mingi. Aliliita kasoro ya siri. Alisimulia kwamba wakati wa mafunzo ya jeshi, wakiwa wamekaa wamechoka wakisikiliza somo la kuchosha, alimsikia askari mmoja mdogo wa umbo akinong'ona kama aliye ndotoni kwamba ameamua kuonyesha yambwa kwa kiambishi awali. Tolkien alijua mara moja: huyu naye anatunga lugha. Askari yule aliona haya, hakusema zaidi, na Tolkien hakujua mwisho wake.

Kwa nini haya? Kwa sababu kitu hicho hakina faida. Wakati huo wapo waliotunga lugha kwa ajili ya manufaa, kama Kiesperanto, ambacho Tolkien alikipenda, ili mataifa yaelewane. Yeye alitunga kwa furaha ya kutunga. Je, mtu mwenye mke, watoto wanne na mitihani ya kusahihisha ana haki ya furaha ya namna hiyo?

Jibu lake alilitoa katika mhadhara wa mwaka 1939 kule St Andrews, Scotland, kuhusu hadithi za kichimbakazi. Kwa maneno yetu sisi wanafalsafa wachanga ni hivi: Mungu peke yake ndiye aumbaye kutoka utupu, kama Mtakatifu Thoma wa Akwino anavyofundisha. Lakini aliyeumbwa kwa mfano wa Muumba hawezi kukaa bila kutengeneza. Anatengeneza kwa vifaa alivyokuta, chini ya Muumba na kwa ruhusa yake. Kwa hiyo kutunga si kumpora Mungu kazi yake. Ni mtoto anayemwiga Baba yake. Kosa huanza pale mtoto anapodai kuwa kazi yake haina Baba, au anapotaka kuitumia kuwatawala wengine. Na hiyo ndiyo hadithi ya ile pete katika kitabu chake.

Kitabu hicho hakina kanisa wala padre. Hata hivyo alimweleza rafiki yake Mjesuiti, Robert Murray, kuwa kimsingi ni kazi ya kidini na ya Kikatoliki. Mwenye macho ataona: wasafiri wanaondoka tarehe 25 Desemba, na pete inaangamizwa tarehe 25 Machi, siku tunayoadhimisha Kupashwa Habari Bikira Maria. Tena wanatembea kwa nguvu ya mkate mwembamba ambao huzidi kuwatia nguvu wasipouchanganya na chakula kingine.

Sala kwa lugha isiyo na taifa

Sasa turudi kwenye karatasi ya mwenzetu. Katika miaka ya 1950, Tolkien alitafsiri kwa Kiquenya sala alizozizoea: Baba Yetu, Salamu Maria, Atukuzwe Baba, ile sala ya kale ya kukimbilia ulinzi wa Mama wa Mungu, na sehemu ya Litania ya Bikira Maria. Hakuzichapisha. Baba Yetu peke yake aliiandika upya mara sita.

Neno la kwanza la sala hiyo ni Átaremma. Ni neno atar, yaani baba, na mwishoni umeungwa umilikishi, kama Waswahili wasemavyo babangu au babake. Lakini Kiquenya kina namna mbili za kusema yetu. Moja inamhusisha anayeambiwa: yetu mimi na wewe. Nyingine haimhusishi: yetu sisi, si yako. Tolkien alitumia ya pili, kwa sababu tunapomwambia Mungu Baba Yetu, yeye si mmoja wa hao sisi. Tumesali sala hiyo tangu utoto, na haikutupitia akilini kujiuliza sisi ni akina nani ndani ya neno yetu. Ilibidi tufundishwe na lugha ya kubuni.

Hapo ubishi wetu wa jioni ile ulipungua. Mtu anayechezea vitu vitakatifu haandiki sala moja mara sita akitafuta neno sahihi, kisha akaifungia kabatini.

Waliobaki na karatasi

Edith alifariki tarehe 29 Novemba 1971, na Tolkien tarehe 2 Septemba 1973 huko Bournemouth, akiwa na miaka 81. Misa ya mazishi iliongozwa na mwanawe mkubwa, Padre John, aliyepata upadre mwaka 1946. Wamezikwa pamoja katika makaburi ya Wolvercote, Oxford, na chini ya majina yao yameandikwa majina Lúthien na Beren.

Aliacha marundo ya karatasi za sarufi, nyingine zimeandikwa kwa penseli na kufutwa, kwani hakuacha kubadilisha lugha zake hadi mwisho. Christopher, mwanawe, alitumia maisha yake kuzipanga. Na tangu mwaka 1971 walikuwepo tayari wapenzi wa lugha hizo waliotoa jarida liitwalo Parma Eldalamberon, yaani kitabu cha lugha za Waelfi. Mwaka 1988 lilifuata jingine, Vinyar Tengwar. Hawa si maprofesa wote; wengi ni watu wa kazi nyingine wanaochambua viambishi jioni baada ya kazi. Christopher aliwakabidhi baadhi yao nakala za karatasi za baba yake, nao wakazichapisha kidogokidogo. Zile sala zilitoka katika Vinyar Tengwar mwaka 2002.

Nao wana mabishano yao. Wapo wanaotaka kuziba mapengo, waunde maneno yaliyokosekana ili lugha iweze kuzungumzwa na kuandikiwa mashairi. Wapo wanaosema hapana, tusimtie Tolkien maneno kinywani. Kazi yetu ni kueleza alichoacha, pamoja na mabadiliko na utata wake. Kila upande umewahi kuusema vibaya upande wa pili. Sisi tunaosoma Mapokeo ya Kanisa hatushangai: kila jamii iliyopokea urithi wa mtu aliyekwisha kuondoka hujiuliza lipi ni la kuhifadhi na lipi ni la kuendeleza. Kigothi nacho Tolkien alikipokea kikiwa na mapengo, akayajaza. Huenda asingewalaumu wa upande wowote.

Yeye mwenyewe aliogopa kufa bila kumaliza. Januari 1945, katika jarida la Kikatoliki la Dublin Review, alichapisha hadithi fupi ya mchoraji mdogo aliyetaka kuchora mti mkubwa. Kila mara jirani yake kilema alimkatiza kwa shida zake, naye alinung'unika lakini alisaidia. Siku ya safari, yaani kifo, ilifika picha ikiwa haijaisha, na duniani likabaki jani moja tu lililochorwa, nalo likaja kuteketea. Lakini mchoraji, baada ya kutakaswa kwa kazi na mapumziko, aliukuta mti wake umesimama, wa kweli, wenye majani yote. Na jirani yule yule ndiye aliyemsaidia kulima bustani yake.

Tunajifunza nini?

Ndugu msomaji, hatusemi kila mseminari aanze kutunga lugha. Tumejifunza kwanza kwamba kipaji kisicho na faida ya haraka si lazima kiwe adui wa wajibu. Tolkien alifundisha, alisahihisha, alilea, alitumikia Misa, na lugha zake zilikula saa za usiku zilizobaki. Tujifunze pia kuwa mpangilio huo haukuwa mkamilifu, na kwamba mke wake alilipa sehemu ya gharama. Anayejiandaa kwa upadre naye ajiulize: saa ninayoipa gitaa, uchoraji au mpira, naichukua kutoka kwa nani?

Tumejifunza pia kupenda maneno tunayosali. Parokiani tunasali Baba Yetu kwa kasi ya mtu anayewahi basi. Kuna mtu aliyeitafsiri mara sita kwa ajili ya watu wasiokuwepo. Sisi tunaisali kwa Kiswahili, pamoja na watu waliopo, walioketi nasi benchi moja. Tuanze na neno la pili tu: yetu.

Na mwenzetu mwenye karatasi? Ameibandika ndani ya mlango wa kabati lake, na hakuna anayembishia tena.

Mwenyezi Mungu aipumzishe kwa amani roho ya mtumishi wake John Ronald Reuel, ya Edith mkewe, na ya Mabel mama yake aliyelima tukavuna. Amina.